Redio yakwaruza ndani ya nyumba? Huenda kosa ni la mabati

Je, msomaji, umewahi kuketi nyumbani saa moja jioni ukiingojea taarifa ya habari, redio ikaanza kukwaruza kana kwamba kuna mtu anayekaanga mahindi ndani yake? Ukaipiga kofi ikanyamaza kidogo. Ukaizungusha, ukaipandisha juu ya kabati, ukaivuta eriali hadi mwisho, na bado msomaji wa habari akawa anasikika kama mtu anayezama mtoni. Hatimaye ukatoka nayo uani kwa hasira, na papo hapo sauti ikawa safi, kila neno likisikika.

Ikiwa hayo yamekupata, basi hauko peke yako. Wapo maelfu ya wenzako wanaoishi katika vyumba vya mabati, wanaouza duka ndani ya makontena, na wanaolinda malango wakiwa katika vibanda vya chuma, ambao kila jioni hupigana vita vivyo hivyo. Hata watalii wa Marekani wanaokokota nyumba za magurudumu zenye kuta za alumini wanayajua mateso haya. Nyumba ya chuma ni nyumba ya chuma, iwe Kangemi au California.

Aghalabu watu hukimbilia kumlaumu fundi, au kuitupa redio na kununua nyingine. Redio mpya nayo ikifika nyumbani huanza kukwaruza vilevile, na mwenye nyumba hubaki akisema kuwa siku hizi bidhaa zote ni bandia. Ukweli ni kwamba mara nyingi redio haina kosa lolote. Kosa ni la nyumba, na dawa yake aghalabu haigharimu zaidi ya vipande vya waya na saa moja ya Jumapili alasiri.

Wala usidhani kwamba hili ni jambo la wapenda muziki pekee. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa redioni kupitia KBC, na mtoto ambaye redio ya kwao ilikuwa ikinguruma tu alibaki nyuma ya mwenzake. Mwaka wa 2024, mafuriko yalipoikumba nchi mwezi wa Aprili na Mei, ufunguzi wa shule uliahirishwa dakika za mwisho, na waliosikia redio waliepuka nauli ya bure na safari ya hatari. Mkulima anayengoja utabiri wa mvua, mama anayesubiri tangazo la chanjo, mzee anayetaka kujua nani amefariki kijijini: hawa wote wanategemea kisanduku hicho kilicho juu ya kabati. Simu ya kisasa inaweza kufungua redio kwa intaneti, lakini hiyo hula bando, na bando ni pesa. Redio ya betri haimwombi mtu kitu chochote zaidi ya mawe mawili.

KWANZA, MTAFUTE MCHAWI

Kabla hujakata waya wowote, fanya jaribio dogo. Weka mawe mapya katika redio yako, ichomoe kwenye stima, kisha tafuta stesheni unayoipenda ukiwa ndani ya nyumba. Sikiliza. Halafu toka nje, tembea hatua kumi kutoka ukutani, usikilize tena bila kugusa kitufe chochote.

Ikiwa nje sauti ni safi na ndani ni mbaya, basi mchawi ni nyumba yako au vyombo vilivyomo. Hilo linatibika. Ikiwa nje pia sauti ni mbaya, basi huenda uko mbali na mtambo, au kuna kilima kati yako na mnara, au redio yenyewe ni mgonjwa. Mlinganishe na jirani. Kama redio ya jirani yasikika vyema akiwa nje mahali pale pale, mpelekee fundi redio yako. Kama zote mbili zinakwaruza, fahamu kwamba mtakachohitaji ni eriali ya juu, nayo tutaifikia.

Usipuuze suala la mawe. Jiwe jipya huwa na nguvu ya volti 1.5. Likichoka, redio huanza kupoteza stesheni za mbali kwanza kabla ya zile za karibu, na sauti hukatika unapoiongeza. Usichanganye mawe mapya na makuukuu, kwani makuukuu huyanyonya mapya. Kisha chungulia vile vipande vya chuma ambavyo mawe huegemea. Vikiwa na ukungu wa kijani au mweupe, visugue kwa kifutio cha penseli hadi ving'are. Wengi wametumia pesa kwa fundi kwa sababu ya ukungu huo tu.

MABATI HUFANYA NINI?

Mwaka wa 1836, mwanasayansi Mwingereza aitwaye Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alijenga chumba jijini London akakizungushia chuma pande zote. Kisha aliingia ndani na vifaa vyake vya kupimia, huku nje umeme mkali ukirushwa juu ya kuta. Ndani hakukuwa na dalili yoyote ya umeme. Chuma kilichomzunguka kilikuwa kimeuzuia wote nje.

Msomaji, nyumba ya mabati ni chumba cha Faraday. Mawimbi ya redio ni ya jamii moja na umeme ule. Yakigonga bati, bati huyapokea na kuyarudisha yalikotoka. Yale machache yanayofika ndani hupitia penye mwanya: dirishani, mlangoni, na katika nafasi iliyo kati ya ukuta na paa.

Lakini si mawimbi yote yanayoweza kupenya mwanya mdogo. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Urefu wa wimbi unaweza kuupata kwa hesabu rahisi: gawanya 300 kwa masafa ya stesheni yakiwa katika megahezi, na jibu ni mita. Stesheni ya FM iliyo 100 kwenye kisahani ina wimbi lenye urefu wa mita 3. Stesheni ya masafa mafupi iliyo megahezi 10 ina wimbi la mita 30. Na stesheni ya masafa ya kati iliyo kilohezi 1,000, ambayo ni megahezi 1, ina wimbi la mita 300, yaani kupita urefu wa viwanja viwili vya kandanda.

Sasa fikiria dirisha lako. Wimbi la mita 3 laweza kujipenyeza mlangoni na dirishani, ingawa litaingia likiwa limechoka. Wimbi la mita 300 likikutana na nyumba iliyozungukwa na bati kila upande, hupita zake kama tembo apitavyo tundu la panya. Ndiyo sababu katika kontena unaweza kusikia FM kwa shida, ilhali masafa ya kati hayasikiki kabisa. Nyumba ya mawe au ya udongo yenye paa la bati pekee haina taabu nyingi hivyo, kwa kuwa mawimbi huingia kupitia kuta.

DAWA ISIYOGHARIMU SENTI

Anza na dawa za bure. Ya kwanza ni dirisha. Jua mnara wa stesheni yako uko upande gani, kisha uiweke redio kwenye dirisha au mlango unaotazama upande huo. Usipojua mnara ulipo, zunguka nyumba ukiwa nje na redio mkononi, uone ni upande gani sauti ina nguvu zaidi.

Ya pili ni kusogeza. Ndani ya nyumba ya bati, mawimbi ya FM hugonga ukuta yakarudi, yakakutana na mengine yanayoingia. Mahali pengine huongezeana nguvu, na mahali pengine huuana. Kutoka sehemu nzuri hadi sehemu mbovu mara nyingi ni sentimita 75 hivi, yaani hatua moja tu ya mtu. Kwa hiyo usikate tamaa upesi. Sogeza redio nusu hatua kushoto, nusu hatua kulia, ipandishe, ishushe. Ukipata mahali penye sauti nzuri, pigilia rafu hapo hapo. Na usiiegemeze redio kwenye bati. Iache umbali wa mkono.

Ya tatu inahusu masafa ya kati. Ule mjeledi wa chuma unaouvuta juu ya redio hauhusiki na masafa ya kati hata kidogo. Ni wa FM na masafa mafupi pekee. Kwa masafa ya kati, redio hutumia ufito mweusi wa feraiti uliofungwa waya mwembamba, nao umelala ndani, kwa kawaida sehemu ya juu, kutoka kushoto kwenda kulia. Ufito huo husikia vyema ubavuni na ni kiziwi kwenye ncha zake. Basi usipoteze wakati ukinyoosha mjeledi. Igeuze redio yenyewe polepole kama sahani, robo mzunguko, hadi sauti ipande. Werevu hutumia uziwi huo kwa faida: kama kuna kitu kinachopiga kelele upande mmoja wa nyumba, elekeza ncha ya redio huko, na kelele itapungua.

Wewe unayesikiliza FM kwa simu ukumbuke kwamba waya wa vifaa vya masikioni ndio eriali ya simu yako. Ukiukunja mfukoni, umeiziba simu masikio. Unyooshe wote, uuning'inize dirishani ikiwezekana.

ADUI ALIYE NDANI

Zamani, adui wa redio alikuwa umbali. Hadi kufikia miaka ya 1990, wengi wetu tulitegemea masafa ya kati na mafupi ya idhaa ya taifa, ambayo mwaka wa 1989 ilibadilishwa jina kutoka Sauti ya Kenya ikawa KBC. Capital FM ilipoingia hewani mwaka wa 1996, mlango ulifunguka, na leo kisahani cha FM kimejaa stesheni za kila lugha. Matangazo yamesogea karibu na watu. Lakini adui mpya ameingia, naye analala ndani ya nyumba yako.

Adui huyo ni vyombo vya kisasa vya stima. Balbu za LED za bei rahisi, chaja za simu, kidhibiti cha chaji cha sola, inveta, televisheni, na kisanduku cha kuchajia kompyuta: vyote hivi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hutoa mlio usiosikika kwa sikio lakini unaosikika kwa redio. Nyumba ya mabati huufanya ubaya huu kuwa maradufu. Inayazuia matangazo yaliyo nje yasiingie, na papo hapo inaifungia kelele ndani isitoke.

Kumkamata adui huyu ni rahisi. Redio ikiwa kwenye betri, zima swichi kuu ya stima na uondoe waya wa sola. Kelele ikitoweka, umempata. Kisha rudisha kimoja kimoja: balbu ya kwanza, ya pili, chaja, televisheni. Kelele itakaporudi, utajua ni nani. Mara nyingi ni chaja ya bei ya chini iliyonunuliwa barabarani. Ichomoe wakati wa taarifa, au ibadilishe. Balbu nayo ikiwa ndiyo mkosaji, jaribu ya aina nyingine. Vingine visivyoweza kuzimwa, visogeze mbali na redio angalau mita mbili. Mita mbili hizo hufanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Ukisikia mlio wa tik, tik, tik unaokuja kila baada ya sekunde moja hivi, chunguza kama kuna ua wa umeme hapo karibu. Nyasi au tawi linalogusa waya wake ndilo kawaida husababisha cheche. Na ukisikia mngurumo mkali usiokoma hata baada ya kuzima kila kitu kwako, hasa karibu na nguzo ya stima, huenda kuna kifungo kilicholegea juu. Piga ripoti kwa Kenya Power. Usiguse nguzo, usitikise waya wa kuishikilia, usipande.

ERIALI YA FM UNAYOWEZA KUTENGENEZA

Ikiwa umeyafanya hayo yote na bado sauti haijatulia, basi itoe eriali nje ya chuma. Ndiyo dawa kamili. Redio yaweza kubaki ndani pamoja nawe, mradi sikio lake liko nje.

Njia rahisi kabisa ni kipande cha waya wa kawaida wenye ngozi, urefu wa mita moja na nusu au mbili. Menya ncha moja, uibane kwenye mjeledi wa redio kwa kibanio cha chuma, kisha upitishe upande wa pili dirishani na uuning'inize nje, mbali na bati. Kwa wengi hilo latosha.

Anayetaka kazi safi zaidi na atafute waya wa televisheni, ule mnene wenye shaba katikati na wavu wa nyaya ndogo pembeni. Matangazo ya televisheni ya analogi yalipozimwa nchini mwaka wa 2015, eriali nyingi ziliachwa juu ya paa, na waya wake bado ni mzima. Mita tano au kumi zatosha.

Sasa tafuta vipande viwili vya waya wa shaba au alumini. Urefu wa kila kimoja unategemea stesheni. Gawanya 7,100 kwa namba ya stesheni, na jibu ni sentimita. Stesheni iliyo 92.9 itakupa sentimita 76. Iliyo 100 itakupa 71. Iliyo 105 itakupa karibu 68. Kama wasikiliza stesheni nyingi, chagua urefu wa katikati, sentimita 71 hadi 73, nao utazitumikia zote.

Vifunge vipande hivyo kwenye ufito wa mwanzi au mti mkavu, kimoja kikielekea upande huu na kingine upande ule, ncha zao zikikaribiana katikati bila kugusana. Acha nafasi ya upana wa vidole viwili. Shaba ya katikati ya ule waya mnene iunge na kipande kimoja, na wavu wake uunge na kipande cha pili. Chomelea kwa risasi kama una kifaa, au sokota kwa nguvu, kisha zungushia tepu nyeusi ya mafundi wa stima ili maji yasiingie. Maji yakiingia ndani ya waya huo, utaoza kimyakimya na lawama zitamrudia fundi.

Uinue mwanzi huo juu ya paa, mita moja au mbili kupita bati. Ubavu wake ndio uelekee mnara, si ncha. Jaribu kwanza vipande vikiwa vimelala, halafu vikiwa vimesimama wima, kwani minara hutofautiana katika namna inavyorusha mawimbi. Chagua kilicho bora.

Mahali waya unapopita ukutani, usiuache uguse ukingo wa bati. Bati hukata kama wembe, na upepo ukiutikisa waya kwa wiki chache tu utakatika. Kata kipande cha mpira wa maji, ukipenyeze kwenye tundu, halafu upitishe waya ndani yake. Kabla haujaingia, ushushe waya chini kidogo ya tundu ndipo upande tena, ili maji ya mvua yadondoke pale chini yasifuate waya hadi juu ya kitanda.

Huku ndani, ibane shaba ya katikati kwenye mjeledi wa redio, nao mjeledi uufupishe. Wavu uunge na ile springi inayogusa upande wa hasi wa jiwe. Hili la springi ni kwa redio inayotumia betri pekee. Redio iliyochomekwa kwenye stima usiifungue wala usiiunge na kitu ndani, mwachie fundi.

MASAFA YA KATI NA MAFUPI

Kwa wale walio mbali na minara ya FM, na kwa wale wazee wetu wanaopenda kuvizia stesheni za nchi za mbali usiku, dawa ni tofauti kidogo.

Kwa masafa ya kati, chukua waya wenye ngozi, mita 10 hadi 20. Nje, utandaze kutoka kwenye nyumba hadi mtini, juu kadiri uwezavyo. Ndani, uzungushe kwenye mwili wa redio mara tano hadi kumi: upite juu, ushuke nyuma, upite chini, upande mbele, kama anayefunga kifurushi kwa kamba. Si lazima waya uguse chuma chochote cha redio. Ule ufito wa feraiti ulio ndani utayapokea mawimbi kutoka kwa mizunguko hiyo. Ncha iliyobaki ipeleke nje, uifunge kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini mahali penye unyevu. Redio iliyokuwa bubu ndani ya kontena itazungumza.

Kwa masafa mafupi, bana waya wa mita tano hadi kumi kwenye mjeledi na uutoe nje. Usiwe mchoyo, lakini pia usiwe mlafi. Redio ndogo ikilishwa waya mrefu kupita kiasi huvimbiwa, stesheni zikaanza kupandana, mbili au tatu zikisema kwa wakati mmoja. Hilo likitokea, punguza waya.

Na usishangae stesheni za masafa ya kati zilizo mbali zikisikika usiku tu. Mchana, jua huamsha tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi hayo. Jua likizama tabaka hilo hufifia, na mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi linaloyarudisha ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia.

RADI NA STIMA HAZINA MZAHA

Msomaji, hapa nakuomba usome polepole. Waya ulio juu ya paa ni mwaliko kwa radi. Wenyeji wa Kisii, Kakamega na kandokando ya Ziwa Viktoria wanajua vyema kwamba radi haibishi hodi. Wingu jeusi likianza kutanda, usingoje ngurumo ya kwanza. Toa kibanio kwenye redio, fungua mizunguko ya waya kama umeizungusha, na utupe ncha zote nje ya nyumba. Usisikilize redio iliyoungwa na waya wa nje wakati wa radi, hata kama ni fainali ya kandanda. Kabla ya kulala na kabla ya kusafiri, fanya vivyo hivyo.

Pili, usiusimamishe mwanzi wako karibu na nyaya za stima. Pima hivi: mwanzi na waya vikianguka upande wowote, je, vyaweza kuzigusa nyaya hizo? Kama jibu ni ndiyo, au huna hakika, tafuta mahali pengine. Tumia mwanzi au mti mkavu badala ya paipu ya chuma, na kamwe usifunge waya wako kwenye nguzo ya stima.

Tatu, kuna desturi ya kuifunga eriali ya redio kwenye bati la paa. Ni kweli kwamba wakati mwingine sauti hupanda. Lakini bati hilo hilo laweza kuwa linaguswa na waya mbovu wa stima, hasa katika ploti ambazo nyaya zimevutwa kiholela kutoka chumba hadi chumba. Siku bati litakapopata stima, atakayeigusa redio ndiye atakayelipa. Afadhali redio ikwaruze.

USIDANGANYWE

Wako wanaopendekeza kubandika karatasi ya fedha ukutani ili eti ivute mawimbi. Hiyo ni kuongeza bati juu ya bati. Wako pia wanaouza vifaa vidogo vya kuongeza nguvu. Kifaa kama hicho hukuza kila kinachopita, matangazo na kelele pamoja. Kikiwekwa ndani ya nyumba ya chuma penye kelele nyingi, kitakupa kelele kubwa zaidi. Huwa na maana tu pale ambapo eriali iko nje na waya ni mrefu sana.

Na wewe unayejipanga kujenga, au unayebadilisha paa, yako mambo mawili ya kukumbuka. Bati lile la plastiki linaloingiza mwangaza huingiza pia mawimbi ya redio. Ukiweka moja tu kwenye paa, upande ulioko mnara, utakuwa umefungua dirisha la mwanga na la matangazo kwa pigo moja. Na dirisha la mbao au la kioo ni rafiki wa redio kuliko dirisha la bati linalofungwa. Mwenye kontena naye akikata dirisha pana la kuuzia bidhaa, akafunga redio kwenye ukingo wake badala ya kuificha nyuma ya shehena, atakuwa amemaliza nusu ya kazi.

Mpangaji huna budi kumwona mwenye ploti kabla ya kutoboa ukuta au kupanda paa. Zungumza naye kwa heshima, umweleze kwamba tundu ni dogo na utaliziba utakapohama. Wapangaji wanaoelewana wanaweza hata kukubaliana kuzima balbu mbovu ya ukumbini na kununua nyingine. Umoja ni nguvu, na kelele ya jirani haijui mpaka wa chumba.

Basi Jumapili hii, baada ya chakula, usiipige redio yako kofi tena. Itoe nje, uisikilize. Izime stima, uisikilize. Igeuze, uisogeze, uipeleke dirishani. Ikishindikana, mtume mtoto akaulize kwa jirani kama kuna waya wa televisheni usiotumika. Ikifika saa ya taarifa ya jioni, na wote waliomo nyumbani wakasikia neno moja baada ya jingine bila kuulizana "Amesema nini?", utakuwa umeifanyia familia yako jambo la maana.